Kufunga droo za kabati kwa kitasa au kufuli la kuongeza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Makabati mengi yanayotoka kwa mafundi wetu, na hata yale ya dukani yanayokuja kwenye maboksi, huja na droo zisizo na kitasa. Mengine yalikuwa nacho, ufunguo ukapotea zamani na hakuna anayekumbuka nani alikaa nao mwisho. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na wenye maduka, makarani, wauguzi na wazazi.

Ninunue kitasa gani?

Kabla ya kitasa, niambie unamfungia nani. Mtoto wa miaka miwili, mfanyakazi mwenzako mwenye udadisi, na mwizi wa usiku mwenye mtaimbo hawafungiwi kwa kifaa kimoja.

Mtoto anazuiwa na kitu chochote kinachohitaji vidole viwili na akili kidogo. Mdadisi anazuiwa na kitasa cha kawaida, kwa sababu hataki kuonekana amevunja. Kitasa kwake ni shahidi: akilazimisha, alama inabaki na asubuhi inajulikana. Mwizi wa kweli ni mtu mwingine kabisa. Yeye haoni aibu ya alama, na droo ya mbao haimchukui dakika mbili. Kama ndani kuna mauzo ya siku nzima au fedha za wakala, usitafute kitasa kikali zaidi. Tafuta sefu iliyofungwa kwa bolti sakafuni, au zipeleke fedha benki kabla ya kufunga duka.

Wengi wanaoniuliza wanafikiri wana tatizo la tatu, kumbe wana la pili. Hiyo ni nafuu, maana la pili linatibika kwa gharama ndogo.

Nitajuaje kama kabati lenyewe linastahili kitasa?

Hapa ndipo watu wanaporuka, na ndipo droo nyingi zinapoibiwa. Chukua dakika kumi ulikague kabati kama mtu anayetaka kuliiba.

Chomoa droo ya juu yote, uiweke chini, kisha chungulia pale ilipokuwa. Je, kuna ubao unaoitenganisha na droo ya pili? Katika makabati mengi hakuna. Maana yake, ukifunga droo ya pili kwa kitasa cha bei na kuiacha ya juu wazi, mtu anachomoa ya juu, anaingiza mkono na kuchota kila kilichomo kwenye ya pili bila kugusa kitasa chako. Dawa ni mbili: funga ya juu pia, au mwambie fundi apigilie kipande cha plaiwudi katikati.

Sasa geuza droo uliyoichomoa. Sakafu yake ni nini? Mara nyingi ni hadibodi ya milimita 3 iliyotelezeshwa kwenye mfereji bila gundi, ikashikwa na misumari miwili kwa nyuma. Ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba inabonyea. Kwenye droo ya chini kabisa, mtu anayeweza kupitisha mkono chini ya kabati anaisukuma hadibodi juu na vitu vinamwangukia mkononi. Badilisha iwe plaiwudi ya milimita 6 au 9, itie gundi na skrubu pembeni.

Halafu mgongo wa kabati. Ule nao huwa hadibodi yenye misumari midogo ya kichwa. Kabati lililosimama katikati ya chumba, hata likiwa na vitasa vitano mbele, nyuma liko wazi. Lisukume ukutani na ulifunge kwa skrubu na plagi za ukutani. Litakusaidia pia kwa sababu nyingine nitakayoieleza kwenye swali la watoto.

Mwisho, ubao wa mbele. Mninga, mkongo au mvule hushika skrubu vizuri. Chipubodi haishiki: ukiifungua na kuifunga skrubu mara chache inageuka unga, na mtu akivuta kwa nguvu kitasa kinatoka na kipande cha ubao. Kwenye chipubodi tumia bolti inayopenya mpaka ndani, yenye washa pana na nati.

Kuna aina gani za vifaa vya kuongeza?

Kwa droo, vinavyopatikana kirahisi ni vitasa vya silinda vinavyotobolewa kwenye uso wa droo, bamba la bawaba linalolalia tumbuu (pete ya chuma inayopitishiwa kufuli) na kutiwa kufuli, mhimili wa chuma unaozuia droo zote kwa pamoja, vitasa vya namba, vya kadi, na vile vya sumaku au mikanda ya kubandika kwa ajili ya watoto. Kwa duka au ofisi ya kawaida, viwili vya mwanzo vinatosha. Vingine nitavitaja vikifikiwa.

Kitasa cha droo kimeandikwa 138-22, kingine 138-32. Tofauti ni nini?

Ni kitasa kilekile cha Kichina kilichojaa madukani. Namba ya mwisho ni urefu wa silinda kwa milimita. Ubao wa MDF (wa unga wa mbao ulioshindiliwa) au chipubodi huwa milimita 16 au 18, kwa hiyo 22 inatosha. Kama droo imechongwa kwa mbao nene za mninga, yenye urembo wa fremu mbele, chukua 32, vinginevyo silinda itazama ndani na ufunguo hautafika. Tundu la silinda zote mbili ni milimita 19.

Nenda dukani na kipimo cha unene wa ubao umekiandika. Kukisia kwa kidole ndiko kunakorudisha watu Kariakoo mara ya pili.

Naweza kukifunga mwenyewe?

Unaweza, ukiwa na drili, biti ya milimita 19, bisibisi, patasi na subira.

Kwanza hakikisha juu ya droo kuna ubao wa kukamata ulimi wa kitasa. Kitasa hiki hufanya kazi kwa kuinua ulimi uingie kwenye tundu la ubao ulio juu ya droo. Kama juu kuna uwazi mtupu, au droo nyingine moja kwa moja, ulimi hauna pa kuingia, na itabidi uongeze kipande cha mbao au utumie njia nyingine.

Pima kwenye kitasa chenyewe, kutoka katikati ya silinda hadi ukingo wa juu wa bamba lake, na uhamishie kipimo hicho kwenye uso wa droo. Bandika utepe wa karatasi mahali pa kutoboa ili melamini, yaani ngozi ngumu ya juu ya ubao, isimeguke. Toboa kuanzia mbele polepole. Ncha ya biti ikichungulia nyuma, simama, geuza droo, na umalizie kwa nyuma. Hapo tundu litatoka safi pande zote.

Funga kitasa kwa ndani kwa skrubu zake. Sasa mahali pa ulimi: watu hupima kwa rula, wanakosea milimita mbili, kisha wanachonga tundu kubwa kama la panya. Njia rahisi ni hii. Paka ncha ya ulimi rangi ya midomo au grisi, sukuma droo ndani mpaka mwisho, zungusha ufunguo, rudisha. Ulimi umejichorea wenyewe mahali pake kwenye ubao wa juu. Chonga hapo kwa patasi, na weka kile kibati kidogo kilichokuja kwenye pakiti. Watu wengi hukitupa wakidhani ni cha ziada. Bila kibati hicho ulimi hula mbao, na baada ya miezi kadhaa droo inafunguka kwa kuitikisa.

Kwa nini nisiweke tu kufuli la kawaida na bamba?

Weka. Haipendezi machoni, lakini kwa stoo, karakana au kabati la shule ni njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kufuli likiharibika unabadilisha kufuli peke yake.

Sharti ni skrubu. Bamba likishafungwa, vichwa vya skrubu visionekane. Chagua lile ambalo likilalia tumbuu linafunika skrubu zake zote, na tumbuu yenyewe ifungwe kwa bolti yenye nati upande wa ndani. Nimeona kufuli zito la milimita 60 kwenye bamba lililoshikwa na skrubu nne fupi zinazotazama nje. Mwenye bisibisi hahitaji hata kuligusa. Kwa droo, kufuli la milimita 30 au 40 linatosha. Kufuli kubwa kupita hapo linaning'inia, linapigapiga uso wa droo na kuikwaruza rangi.

Nina kabati la droo nne. Lazima niweke vitasa vinne?

Si lazima. Kuna mhimili wa chuma unaosimama wima mbele ya kabati, chini umeingia kwenye kikamatio na juu umefungwa kwa kufuli. Ukiuondoa, droo zote huru. Ukiurudisha, zote zimezuiwa. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa chuma bapa au pembe. Mwambie vikamatio avifunge kwa bolti au riveti kwenye mwili wa kabati. Vikifungwa kwenye droo havina maana.

Kifaa hiki kina historia ya heshima kidogo. Nchini Marekani kabati la majalada lenye mhimili na kufuli maalumu lilikubalika kuhifadhia nyaraka za siri za serikali, kisha kanuni zikaliondoa, mwisho ukiwa Oktoba 1, 2012. Kwa kumbukumbu za ada na daftari la wadeni wa duka lako, bado linafaa kabisa.

Kabati la chuma la ofisi, ufunguo umepotea. Nivunje?

Hapana, tulia. Angalia uso wa kitasa: mara nyingi kuna namba ndogo imegongwa kuzunguka tundu la ufunguo. Kwa namba hiyo muuzaji wa vifaa vya ofisi au fundi funguo anaweza kukupatia ufunguo unaolingana.

Habari hiyo njema ina upande wake mbaya. Kama wewe unaweza kupata ufunguo kwa kusoma namba, na mwenzako anaweza. Zaidi ya hapo, vitasa vya aina hii huwa na michongo michache, na katika ofisi yenye makabati kumi ya aina moja usishangae ufunguo wa uhasibu ukifungua kabati la masijala. Jaribu wakati wa mapumziko ya mchana, utajionea. Kama ndivyo, badilisha silinda. Nyingi zimeshikwa na klipu au nati kwa nyuma, na zinatoka bila kuharibu kabati.

Fedha za kikundi zinakaa kwenye droo ya katibu. Tufanyeje asiwe peke yake?

Vikundi vya kuweka na kukopa vina jibu tayari. Mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ambao leo umeenea Afrika Mashariki, hutumia sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguki mpaka wote wakutane mbele ya kikundi.

Unaweza kuhamishia wazo hilo kwenye droo. Ukifunga matumbuu matatu na mabamba matatu kwenye droo moja utaijaza matundu, na droo ya sentimita 40 haina nafasi. Kinachofaa ni mhimili mmoja wenye tumbuu tatu, kila moja na kufuli lake: hapo kila kufuli linazuia peke yake.

Tahadhari: usinunue bila kusoma kile kikamatio chekundu chenye matundu sita wanachotumia mafundi umeme kuzuia swichi. Kinafanya kazi hii vizuri, kwa kuwa hakiachii mpaka kufuli la mwisho litoke, lakini taya zake lazima ziingie kwenye tumbuu yako. Pima.

Na bado ningewaambia: fedha ziende benki au kwenye akaunti ya simu ya kikundi, droo ibaki na daftari.

Zahanati yetu inataka kufunga droo za dawa. Kitasa kimoja kinatosha?

Kwa panadol na bandeji, ndiyo. Kwa dawa zenye udhibiti maalumu kama mofini na pethidini, hapana. Wauguzi wa Kenya wanalijua kabati la DDA (kifupi cha Dangerous Drugs Act, sheria ya dawa hatari): kabati ndani ya kabati, kila moja na ufunguo wake, na rejista inayosainiwa kila dozi inapotoka. Droo ya plaiwudi yenye kitasa kipya haigeuki kuwa kabati hilo. Muulize mfamasia wa wilaya au kaunti kabla ya kumwita seremala.

Faili za wafanyakazi na wateja nazo zifungwe?

Zifungwe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Watu wengi wanadhani sheria hizi ni za kompyuta tu, ilhali nakala ya kitambulisho cha mteja iliyo kwenye faili la karatasi nayo ni taarifa yake binafsi. Droo yenye kitasa, na daftari linaloonyesha nani ana ufunguo, ni mwanzo mzuri wa kuonyesha kwamba unazitunza.

Mfanyakazi akiondoka, ufunguo uandikwe kwenye makabidhiano pamoja na kompyuta na kitambulisho cha kazi. Kama hukumbuki nakala ngapi zilichongwa, badilisha kitasa.

Nataka kuzuia mtoto tu asifungue droo ya visu na dawa ya mende.

Hapo usipoteze pesa kwa vitasa vya funguo. Utachoka kutafuta ufunguo kila unapotaka kijiko. Kuna vifungo vya sumaku vinavyobandikwa ndani ya droo: unaweka kishikizo cha sumaku kwa nje, ulimi unaachia. Vinapenya ubao wa milimita 18 bila shida. Kwenye kabati la chuma havifai, sumaku itang'ang'ania bati. Kishikizo kiweke juu ya friji, si kwenye pochi yenye kadi za benki.

Dawa ya mende na mafuta ya taa, hata ukiweka kifungo, ziondoe kwenye droo. Ziweke juu.

Sasa ile sababu ya kufunga kabati ukutani. Mtoto akivuta droo mbili tatu kwa pamoja na kuzikanyaga kama ngazi, kabati linamwangukia. Juni 2016 IKEA ilitangaza kurudishwa kwa makabati ya droo takriban milioni 29 nchini Marekani, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa, na mwishoni mwa 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria inayodai makabati ya nguo yawe imara yasiyoanguka. Kifungo cha droo hupunguza hatari hiyo lakini hakiiondoi. Vipande viwili vya chuma pembe na skrubu nne ukutani ndivyo vinavyoiondoa, na kazi hiyo ifanyike kabla hujabandika kifungo chochote.

Ninapanga, na mwenye nyumba hataki kabati lake litobolewe.

Mikanda na vifungo vya kubandika vipo. Futa uso kwa spiriti, ukauke, bandika, ukandamize, na usiuvute mpaka kesho yake. Kumzuia mtoto, sawa. Kumzuia mtu mzima, ni pambo. Kama una kitu cha kuficha, nunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, ukiweke ndani ya droo. Ukihama unahama nacho.

Kitasa cha namba au cha kadi si kizuri zaidi?

Kitasa cha namba tatu kina michanganyiko 1,000, kuanzia 000 hadi 999. Mtu akijaribu mmoja kwa sekunde mbili, anaimaliza yote katika muda wa nusu saa na dakika chache. Namba nne ni 10,000, na hiyo ni kazi ya saa tano na nusu. Mdadisi wa ofisini ataghairi. Faida yake halisi ni kwamba hakuna ufunguo wa kupotea. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, na ukifunga vuruga magurudumu yote, si moja tu la mwisho.

Vya kadi ni vizuri mpaka betri ife. Nunua kile chenye tundu la kuchajia kwa nje. Kisicho nalo, siku betri ikiisha utakuwa umejiibia mwenyewe.

Niko Tanga, vitasa vinashika kutu ndani ya mwaka.

Hewa ya chumvi haina huruma na chuma kilichopakwa kromu. Nunua shaba au chuma kisichoshika kutu, na usitie mafuta ya kupikia kwenye tundu la ufunguo, maana yanakusanya vumbi na kugeuka gundi. Saga ncha ya penseli, pakaza unga wake mweusi kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Rudia kila mvua za masika zikiisha.

Ufunguo umevunjikia ndani. Nifanye nini?

Usisukume kipande kilichobaki kwa sindano, kitazama zaidi. Kama kinachungulia, kivute kwa koleo ndogo huku tundu likiwa wima, mahali ufunguo huingilia na kutokea. Kama silinda imegeuka nusu, irudishe kwanza kwa ncha ya bisibisi nyembamba. Kipande kikitoka, peleka vipande vyote viwili kwa fundi funguo, atachonga mpya kwa kuviunganisha. Kikikataa, toboa silinda katikati kwa biti ndogo kisha kubwa, toa kitasa na uweke kingine cha ukubwa uleule. Tundu la milimita 19 tayari lipo.